Kabla hujang'oa kapasita ukaweka sevo

Zamani niliamini kapasita, kile kifaa kinachopitisha sauti na kuzuia DC (umeme usiobadilika mwelekeo), ni uchafu kwenye njia ya sauti. Nikamjengea jirani amplifaya ya umeme wa pande mbili (chanya na hasi, ardhi katikati) isiyo na kapasita hata moja kuanzia mlango wa sauti hadi spika, sevo, saketi ndogo ya kusahihisha pato, ikiangalia DC. Ililia vizuri ajabu. Miezi michache baadaye transista ya pato ikapiga shoti, volti 35 zikamwagika zote kwenye spika ya inchi 12. Harufu ya koili ikiungua haisahauliki. Sevo niliikuta nzima! Spika nililipa mimi.

Sevo ni opampu tu (IC ndogo ya kukuza mawimbi), mfano TL071, inayochuja sauti ya pato ibaki DC, kisha inarudisha sahihisho dogo nyuma mpaka pato litulie karibu na sifuri. Transista iliyokufa haisikii sahihisho. Hiyo ni kazi ya relei ya kulinda spika, swichi inayoikata spika DC ikitokea, na siku hizi sitoi amplifaya mezani bila relei.

Halafu, kapasita hujaikimbia. Ndani ya sevo ipo, kwa kawaida rezista ya megaohmu 1 na kapasita ya mikrofaradi 1, nayo inapunguza besi ya chini kabisa vilevile. Ndiyo maana hapo naweka ya plastiki, siyo elektroliti.

Kapasita ya pato nayo ina visa vyake. Amplifaya za umeme wa upande mmoja zinaihitaji, maana bila hiyo nusu ya volti zote inakaa kwenye spika. Ya mikrofaradi 1000 na spika ya ohmu 8 inaanza kukata besi kuanzia hezi 20 kushuka chini. Mteja akifunga ya ohmu 4, inapanda hadi 40. Besi inakonda, lawama anapewa fundi. Weka 2200.

Kama yako ni ya pande mbili, pima kwanza. Ziba mlango wa sauti kwa kuuunga na ardhi, iache iwake nusu saa, soma pato kwa multimita. Ikiwa chini ya milivolti 50, achana nayo. Ikizidi, chagua transista mbili za mwanzo (zinazopokea sauti mlangoni) zinazolingana, uzigusishe migongo zipate joto moja. Mlangoni weka kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 2.2, kwa rezista ya kilohmu 22 inakata kwenye hezi 3 na kitu, na simu inayovujisha DC kwenye waya wa sauti haitakusumbua. Namba ya multimita ikiendelea kutangatanga baada ya hapo, basi washa pasi ya kulehemu ujenge sevo.