AC inapoza ukitembea, ukisimama inatoa joto

Mkuu, kama AC ya gari yako toka Lindi hadi Mtwara inapoza, ila ukisimama stendi inapuliza joto, usikimbilie kujaza gesi. Ukiwa kwenye mwendo upepo ndio unaopoza kondensa (ile kama rejeta ya AC, iko mbele ya gari). Ukisimama, kazi hiyo ni ya feni. Acha injini inanguruma, washa AC, fungua boneti uangalie feni inazunguka (mikono mbali, huwa inajiwasha ghafla). Haizunguki? Zima gari, kagua fyuzi, kisha jaribu kubadilishana rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni) na nyingine inayofanana nayo kabisa. Inazunguka? Osha kondensa kwa maji yasiyo na presha kali, vibati vyake hupinda kirahisi. Huku pwani vumbi na chumvi haviviachi salama. Mimi nilijaziwa gesi mara mbili, kumbe fyuzi! Mipira ya gesi usiifungue mwenyewe, gesi ikitoka inaunguza ngozi kwa baridi kali.