Mchai, muwa, msonobari: unauweka wapi kwenye hesabu?

Kericho: Mbona zamani faida za kampuni za chai zilikuwa zinaruka hata mwaka ambao mauzo ni yaleyale?
Ndugu yangu, hiyo ni IAS 41, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa kilimo, ilianza kutumika 2003. Mchai wenyewe ulikuwa unapimwa kila mwisho wa mwaka kwa bei ya soko ukitoa gharama za kuuzia, na tofauti inaingia moja kwa moja kwenye faida. Sasa nani anauza mchai bila shamba? Soko hamna, kwa hiyo watu wanakadiria mapato ya miaka ijayo halafu wanayapunguza kwa riba ili wapate thamani yake ya leo, ukigusa hiyo riba kidogo tu faida inaruka. Marekebisho yakaja 2014, na kuanzia 1 Januari 2016 mmea unaozaa mwaka hadi mwaka uko IAS 16, kanuni ya mali za kudumu, kama mashine, yaani unaandika gharama yake halafu unaipunguza kila mwaka kwa uchakavu. Kwangu mimi hapo walitenda haki.

Kwa hiyo majani nayo tumeachana nayo?
Hapana jamani! Nenda shambani siku moja kabla ya kuchuma, zile chipukizi laini za majani mawili zilizojitokeza juu ya mchai bado ni IAS 41, mti ulio chini yake ndo IAS 16. Yakishachumwa, thamani ya siku ya kuchuma inakuwa gharama yake ya stoo. Na miwa ni hivyohivyo, kisiki kinachochipua tena baada ya kukata ni IAS 16, miwa iliyosimama ni IAS 41, na hapa ndo wengi wanachanganya.

Miparachichi ya mwaka jana, uchakavu lini?
Ikishakuwa tayari kuzaa kibiashara. Kabla ya hapo mbolea, maji na palizi vyote ongeza kwenye gharama ya mti.

Njombe: Misonobari yetu ya mbao imepanda thamani, tugawe gawio?
Dada, tafadhali msikimbilie huko. Msonobari unakatwa wenyewe, ndo zao, kwa hiyo wote unabaki IAS 41 na kupanda kwake kunahesabiwa faida, lakini mti kunenepa haujaleta hata shilingi benki na mishahara ya wakataji hailipwi kwa unene wa mti. Siku ya kikao fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, kule juu wanapoanza na faida utakuta hiyo ya miti inatolewa, waoneshe bodi huo mstari kwanza ndo muongee gawio.