Minazi haikutoka myeupe? Tatizo ni filta

Kaka, umeuliza kwa nini minazi ya Paje, kule ufukweni Zanzibar, imetoka ya kijivu badala ya myeupe ingawa ulitumia Ilford SFX 200 (filamu inayonasa pia infraredi kidogo, yaani mwanga usioonekana kwa macho ambao majani huurudisha sana) na filta nyekundu. Filta nyekundu ya kawaida inapitisha mwanga mwingi tunaouona kwa macho, na huo unafunika infraredi yote. Tafuta filta ya nanomita 720, yaani inayozuia mwanga wa mawimbi mafupi kuliko hapo. SFX inanasa hadi karibu na 740 tu, kwa hiyo ukiweza badili filamu pia: Rollei Infrared 400 inafika hadi karibu 820, na hapo majani yanang'aa kweli.

Filta hiyo ni nyeusi tii, huoni kitu. Panga picha na fokasi kwanza ukiwa na tripodi, ndipo uifunge. Kabla ya kuifunga pima mwanga, kamera ukiiweka ISO 12 (kipimo cha kasi ya filamu), halafu piga tena kwa 6 na 3. Tumia f/11, yaani tundu dogo la lenzi, ili fokasi isikose, maana infraredi haikutani pale pale na mwanga wa kawaida. Lenzi nyingi za zamani zina alama nyekundu ya kusogezea fokasi.

Paje ni pazuri mno kwa kazi hii! Maji yanameza infraredi, kwa hiyo yale ya kibuluu yakifika kiunoni yanatoka meusi, na mchanga mkavu kando yake mweupe pee. Nenda jua likiwa kali, usisubiri magharibi. Na filamu ipakie kivulini, usiipakie pale ufukweni.