Kwa nini jani la chini la mhindi hutangulia kugeuka njano?

SWALI: Habari mtaalamu. Nalima mahindi Kilosa. Yamefika kiunoni, majani ya juu ni kijani kabisa lakini ya chini yanaingia njano kuanzia nchani. Kijana wangu anayesoma baiolojia anasema ni uzee, na kwamba uzee huo umetokana na mageuko ya viumbe. Kweli mmea huzeeka kama sisi? Unapata faida gani?

JIBU: Nzuri, ndugu mkulima. Chuma jani moja la chini ulitazame vizuri. Kama njano inatoka nchani na kushuka kwa kufuata uti wa kati, ikachora herufi V huku kingo zikibaki kijani, shamba lina njaa ya naitrojeni. Zingeanza kuungua kingo, ningeshuku upungufu wa potasiamu.

Kijana wako hajakosea, ila neno "uzee" hapa linahitaji uangalifu. Mwaka 1952 mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar alieleza kwamba uteuzi wa asili, yaani mchujo unaowaacha walio bora wazae zaidi, hulegea kadiri kiumbe kinavyosonga umri, hivyo kasoro zinazojitokeza ukubwani hupita bila kuchujwa. Jani la mhindi halimo katika hesabu hiyo. Halichakai, linabomolewa, na anayelibomoa ni mmea wenyewe. Takriban robo tatu ya naitrojeni ya jani imo ndani ya kloroplasti, yaani vile vyumba vidogo vya kijani vya seli vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, nyingi ikiwa kwenye protini. Udongo ukikosa naitrojeni, mmea huivunja akiba hiyo na kuihamishia majani machanga, na baadaye punje.

Kikwazo ni umbijani, yaani klorofili. Umeshikamana na protini hizo, na ukiachwa huru ni hatari: unaendelea kunasa mwanga bila pa kuupeleka, nguvu hiyo inaiangukia oksijeni, na oksijeni iliyochochewa hivyo huunguza seli. Ndiyo maana naamini ufundi wa kuvunja umbijani ulianza kama kinga, kabla ya kuwa njia ya kuokoa chakula. Kloroplasti zilitokana na bakteria wa kijani-buluu waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na tangu hapo kila seli ya kijani imelazimika kuishi na sumu hiyo. Mwani wa Chlorella huvunja umbijani wake na kuutema majini ukiwa mwekundu. Mmea wa nchi kavu hauna pa kutemea, kwa hiyo huufanya usio na rangi na kuufungia ndani ya kivungu cha seli, yaani kifuko cha kuhifadhia kilichomo ndani yake. Naitrojeni iliyomo kwenye umbijani wenyewe hubaki humo humo. Kinachookolewa ni protini. Njano unayoiona ilikuwepo tangu mwanzo, imefunikwa na kijani.

Hatua ya kwanza katika kuuvunja umbijani wa kawaida ni kuung'oa magnesi iliyo katikati yake. Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi hiyo, kilithibitishwa mwaka 2016, lakini jeni yake tulikuwa tukiiona bila kuijua. Njegere za kijani ambazo Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa sifa, alizipambanisha na za njano karne ya 19 zilibaki kijani kwa sababu jeni hiyo ilikuwa na hitilafu. Uhusiano huo ulibainika mwaka 2007. Kijani hicho ni cha sura tu, hakiongezi chakula. Mtama wenye asili ya Ethiopia unaotumiwa na watafiti wa mbegu ni habari tofauti kabisa: ukame ukiupiga wakati wa kujaza punje, majani yake huendelea kufanya kazi.

Kwa mimea ya msimu mmoja, mbegu ndiyo huamuru kazi hii. Ukichuma maganda ya soya kila yanapotokea, majani yake hukawia kugeuka njano. Faida uliyoiuliza iko hapo: mmea unaotoa jani lake kafara huacha mbegu zilizoshiba zaidi, na mbegu hizo ndizo zinazobeba jeni kwenda mbele.

Kwako wewe, mahindi ya kiunoni bado hayajafika wakati huo. Weka mbolea ya kukuzia sasa, udongo ukiwa na unyevu, mbali kidogo na shina, kisha ifukie. Usitegemee majani yaliyokwisha kugeuka yarudi. Tazama yanayofuata juu yake. Njano ikianza tena kupanda wakati punje zinakauka, iache.