Usiandike mwaka kwa kuangalia kadi ya mwanzo

Wewe unayeanza kazi ya kutambua na kuorodhesha filamu za zamani, nikueleze kosa langu la kwanza. Nililetewa mkanda wa katuni ya kuimba pamoja, zile ambazo mpira mweupe hurukaruka juu ya maneno ya wimbo ili ukumbi mzima uimbe. Sauti ipo, kadi ya mwanzo, yaani maandishi ya jina yanayotangulia picha, inasomeka vizuri, nami nikaandika 1930. Kumbe katuni yenyewe ilikuwa ya kabla ya hapo kwa miaka kadhaa.

Katuni hizo, Song Car-Tunes, zilitengenezwa New York na Max Fleischer na nduguye Dave kuanzia 1924. Nyingi zilikuwa kimya, wimbo ukiongozwa na mpiga kinanda wa ukumbini. Red Seal, kampuni iliyozisambaza, ikaanguka. Kuanzia 1929 Alfred Weiss alizitoa upya zikiwa na muziki uliorekodiwa na kadi mpya zisizotaja Red Seal.

Siku hizi naanzia ukingo wa kushoto. Kwenye mkanda wa kimya picha ilijaa karibu upana wote kati ya safu mbili za matundu. Sauti, ambayo huchapwa kama mstari mwembamba kwenye mkanda, ilipohitaji njia yake, ilimega picha upande huo wa kushoto. Ukiona herufi za kwanza za mistari zimeliwa, au maneno yote yameegemea kushoto, shuku mara moja.

Kisha mtazame mpira, maana hapa ndipo penye utamu. Mwanzoni haukuchorwa. Ulikuwa ncha nyeupe ya fimbo, mtu akiichezesha mbele ya kamera kwa kufuata mapigo ya wimbo, na mwendo wa mkono wake umebaki humo hadi leo. Mashine za sauti huendesha fremu 24, yaani picha moja moja za mkanda, kwa sekunde. Kilichopigwa kwa fremu 20, dakika yake huisha kwa sekunde 50, na bendi iliyorekodi baadaye haikuwa na budi kuufukuza mpira. Wimbo wa taratibu ukienda mbio bila sababu, naurudia mara mbili tatu.

Ila usidhani kila sauti iliongezwa baadaye. My Old Kentucky Home ya 1926 ilikuwa na sauti tangu siku ya kwanza, kwa Phonofilm, mfumo wa mvumbuzi Lee de Forest wa kuweka sauti kwenye mkanda wenyewe, na ndani yake mbwa anazungumza midomo ikifuata maneno.

Basi daftarini weka miaka miwili, wa kutengenezwa na wa kutolewa upya, kila mmoja na dalili uliyoiona kwa macho yako. Na ukipata mkanda wenye kadi mpya, tafadhali usiikate kadi hiyo ili "kurudisha" katuni ilivyokuwa.