Ukuta wa damu

Wiki hii mmeuliza nani amsaidie mtoto homuweki ngumu za sayansi na Kiingereza: mzazi, mwalimu wa tuisheni au simu. Mimi sio mzazi, ni mjomba tu, ila swali limenichoma maana nakaa na binti wa dada yangu hapa Morogoro, yuko kidato cha pili, na kila jioni fizikia inaishia kwangu. Msimamo wangu niuseme mapema: mkubwa asishike kalamu ya mtoto. Hata neno moja. Ukimwandikia leo, kwenye mtihani wa taifa utaingia naye?

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita umeme umekatika, tuko na tochi ya simu, akaja na swali, kwa nini ukuta wa "dam", yaani bwawa, unajengwa mnene chini kuliko juu. Kwenye daftari keshajibu, tena kwa kujiamini, mistari minne kuhusu ateri. Nikamuuliza, mama, ateri zimeingiaje huku? "Si ukuta wa damu anko, nilijua wamesahau u." Nilicheka mpaka nikapaliwa, yeye kanuna. Ila nilivyosoma tena nikanyamaza. Alichoandika, kwa Kiingereza cha kuokoteza, ni kwamba ukuta wa ateri ni mnene kwa sababu damu inapita humo kwa kanieneo kubwa, yaani "pressure". Ambayo ni kweli kabisa! Fizikia yote anayo, kaipeleka tu kwenye mshipa badala ya bwawani. Na bwawa sio geni kwake, la Mindu analiona dirishani kila tukipanda basi la Iringa.

Nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikapasha msumari kwenye jiko la mkaa, tukatoboa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, tukaziba kwa vidole, tukajaza maji, tukaachia. La juu likatiririka kivivu, la chini likaruka mpaka kwenye daftari la jiografia, tena sio lake, kaazima kwa mwenzake. "Kumbe chini ndo yanasukuma zaidi!" Nikamwambia ndo hivyo, kila ukishuka mita moja majini kanieneo inapanda karibu paskali 10,000, kwa hiyo wajenzi wananenepesha ukuta kule unakosukumwa sana. Na hebu liangalieni hilo neno, kanieneo, kani na eneo, yaani fomula nzima imekaa ndani ya neno, kani gawanya kwa eneo! Halafu mtoto anaingia kidato cha kwanza anaambiwa aliache getini. Sera ya elimu ya 2014 iliandika Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, ikabaki karatasi, haya tuyaache.

Basi ikaja kuandika. Kwa Kiswahili anatiririka kama lile tundu la chini, kwa Kiingereza anakwama neno la tatu, anafuta, anaanza upya, karatasi inataka kutoboka. Saa nne usiku nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe sentensi yote. Ndiyo, mimi huyuhuyu mwenye msimamo. Akapata vema. Wiki iliyofuata jaribio likauliza kwa nini tenki la maji linapandishwa juu ya mnara, akamwaga sentensi yangu kama ilivyo, bwawa na ukuta wake. Sifuri.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo, au sio? Mbona sina uhakika tena. Nisingeandika, angelala na ateri zake. Na mwalimu wa tuisheni, wengi ninaowaona huku mtaani wanakaririsha majibu ya mitihani ya zamani, yaani kosa langu lilelile ila kwa kulipia. Simu nayo inajibu vizuri mno, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nakitafutia kamusi.

Siku hizi anaanza kunieleza kwa Kiswahili mpaka mimi nielewe, ndo anaandika, akikwama nampa neno. Neno moja kwa swali. Siku za kemia mawili. Juzi kwenye moli nilitoa sentensi nzima lakini ile haihesabiki, alikuwa na homa.