Wagiriki waliwahi kupoteza maandishi

Ndugu, umeuliza kama ustaarabu wa Wagiriki ulianza na Homer, mshairi wao wa kale. Hapana, ni wa zamani zaidi. Kabla ya mwaka 1200 KK kulikuwa na majumba ya kifalme Mycenae na Pylos, huko Ugiriki, na makarani wake waliandika kwenye vibao vya udongo hesabu za kondoo, mafuta na magari ya vita. Moto ulioteketeza majumba hayo ndio uliochoma udongo ukawa mgumu, vibao vikadumu. Aliyefumbua maandishi hayo mwaka 1952, Michael Ventris, alikuwa msanifu majengo!

Majumba yalipoanguka, uandishi ulitoweka Ugiriki kwa karne kadhaa. Karne ya 8 KK wakachukua herufi za Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo, na zile zisizowafaa wakazifanya irabu. Kinachonigusa zaidi ni matumizi yake ya mwanzo: kwenye kikombe kilichozikwa kaburini katika kisiwa cha Ischia, Italia, hukuti orodha ya mali ya mfalme. Kuna beti za shairi kuhusu kunywa na mapenzi.